Umbali, Mwendo na Saa: Uhakiki wa Lugha ya Nyaraka za Safari

Miongoni mwa maandishi yapitayo mikononi mwa wafasiri wetu, hakuna yanayodharauliwa kuliko nyaraka za safari. Barua ya kumwita mtumishi semina, jedwali la mabasi, tangazo la ndege, fomu ya kudai posho: yote haya hufasiriwa upesi upesi, aghalabu mwisho wa siku ya kazi, kwa kuwa hudhaniwa hayana istilahi ngumu. Mfasiri yule yule ambaye hukesha akitafuta neno la kufaa katika fani ya sheria au ya tiba hasiti hata kidogo aandikapo maneno umbali, mwendo na saa. Anaamini kwamba maneno hayo ameyajua tangu utotoni, na kwamba msomaji wake anayajua vile vile.

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kuwa ni katika maneno hayo mepesi ndipo msomaji anapopotea. Tutaonyesha pia kwamba kosa si la Kiswahili. Lugha yetu inayo maneno ya kutosha kueleza umbali wa miji miwili na muda wa kusafiri baina yake, kwa ndege na kwa barabara. Lililokosekana ni makubaliano ya namna ya kuyatumia maneno hayo katika maandishi ya kazi.

Waraka wenyewe

Tuanze na mfano halisi. Ofisi moja, ambayo hatutaitaja, ilitayarisha waraka wa kuwaita walimu na maofisa kadhaa kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza kuhudhuria semina. Waraka uliandikwa kwanza kwa Kiingereza, kisha ukafasiriwa. Mmoja wetu alikuwa miongoni mwa walioalikwa, na nakala yake tunayo. Sentensi nne zilihusu safari, nazo zilikuwa hivi:

(a) Mwanza iko kilomita 850 mbali kutoka Dar es Salaam.
(b) Muda wa kuruka ni saa 1.30.
(c) Ndege itaondoka saa 7.10.
(d) Kwa barabara, Mwanza ni mwendo wa masaa 14.

Msomaji atazame sentensi hizi kwa utulivu. Hakuna hata neno moja ndani yake asilolijua mtoto wa darasa la nne. Hata hivyo waraka huu uliwaponza watu wawili.

Wa kwanza alikuwa mwalimu wa siku nyingi, msomaji makini. Alipoisoma sentensi (b) alijiuliza: je, ndege inaruka saa moja na nusu asubuhi, au inakaa angani kwa saa moja na nusu? Akaitazama sentensi (c), akaona kuwa ndege itaondoka saa 7.10, yaani saa saba na dakika kumi mchana. Basi akakata shauri, na kwa haki kabisa, kwamba 1.30 haiwezi kuwa wakati wa kuruka. Lazima iwe ni muda wa safari. Akafika uwanjani saa tano asubuhi akiwa na hakika kuwa amewahi. Ndege ilikuwa imekwisha kuondoka tangu saa moja na dakika kumi asubuhi. Mfasiri alizikuta tarakimu 07:10 katika waraka wa Kiingereza, akaziacha kama zilivyo na kuzitangulizia neno saa.

Mwenziwe, ambaye hakujisumbua kufikiri, aliisoma sentensi (b) kuwa ndege itaruka saa moja na nusu asubuhi. Alifika uwanjani kabla ya jua kuchomoza, akaiwahi ndege. Hivyo aliyesoma kwa makosa alisafiri, na aliyesoma kwa akili aliachwa. Mwalimu wetu alisafiri kwa basi, akafika Mwanza semina imekwisha kuanza, na mada aliyoitayarisha kwa majuma mengi ikasomwa na mtu mwingine.

Wa pili aliyeponzwa alikuwa dereva aliyepeleka gari lenye vitabu. Mhasibu wa ofisi ile aliichukua sentensi (a), akampa dereva fedha za mafuta ya kilomita 850 za kwenda na 850 za kurudi. Mafuta ya kwenda yakamwishia karibu na Igunga. Alinunua mengine kwa fedha yake, na aliporudi akaambiwa kuwa dai lake haliafikiani na waraka. Waraka ulisema 850.

Umbali upi?

Kilomita 850 si uongo. Hicho ndicho kiasi cha umbali baina ya Dar es Salaam na Mwanza ukipimwa kwa mstari mnyoofu juu ya ramani. Lakini barabara haifuati mstari huo. Hupita Chalinze, Morogoro, Gairo, Dodoma, Manyoni, Singida, Igunga, Nzega na Shinyanga, na mtu aipitaye hukamilisha zaidi ya kilomita 1,100. Reli ya zamani, iliyofika Mwanza mwaka 1928, ina njia yake nyingine ipitayo Tabora. Basi kati ya miji miwili hii hakuna umbali mmoja; upo umbali kwa kila njia. Sentensi isemayo kuwa mji fulani uko umbali fulani kutoka mji mwingine, bila kutaja njia, haijasema jambo la kumfaa mhasibu wala dereva.

Wafasiri wengine huliona tatizo hili na kulitafutia dawa, lakini dawa yenyewe huwa na kasoro. Wako waandikao “umbali wa anga”. Msemo huu hauelezi kitu kwa uhakika, kwa kuwa msomaji aweza kudhani ni umbali wa kutoka ardhini hadi iliko ndege. Hicho tunacho neno lake: ni kimo cha ndege. Wako pia waandikao kwamba mji fulani uko kilomita kadhaa “kama kunguru arukavyo”. Huu ni msemo wa wageni uliovikwa kanzu ya Kiswahili. Kunguru wa Dar es Salaam hana sifa ya kuruka kwa unyoofu. Kazi yake ni kuzunguka majalala na kurudi alikotoka. Msomaji wetu hatapata picha yoyote ya mstari mnyoofu kwa kutajiwa ndege huyu.

Isitoshe, hata ndege ya abiria haifuati mstari mnyoofu kwa ukamilifu wake. Hupaa kwa upande unaotakiwa na upepo, hugeuka, hushika njia iliyopangiwa, na hutua kwa kuuzunguka uwanja inapobidi. Kwa hiyo tunapendekeza kutofautisha: “umbali kwa mstari mnyoofu” uwe ni kipimo cha ramani, na “umbali kwa barabara” au “kwa reli” uwe ni kipimo cha njia. Abiria wa ndege hana haja ya kilomita. Haja yake ni muda.

Liko pia swali la kutoka wapi hadi wapi. Jina Dar es Salaam ni la mji mpana. Mwanzo wa safari ya basi ulikuwa Ubungo kwa miaka mingi. Mwaka 2021 kituo kikuu cha mabasi ya mikoani kilihamia Mbezi Luis, nje zaidi ya mji, katika barabara ile ile ya Morogoro. Umbali wa barabara kutoka katikati ya mji hadi Mwanza haukubadilika, lakini safari ya basi ilifupishwa kwa kilomita kadhaa, nayo safari ya abiria kutoka nyumbani kwake hadi kituoni ikarefushwa kwa wengine na kufupishwa kwa wengine. Jedwali lililofasiriwa kabla ya mwaka huo na kurudiwa bila kutazamwa linamdanganya msomaji.

Kuhusu neno masafa, baadhi ya waandishi hulitumia mahali pa umbali bila kubagua. Sisi tunaona kuwa matumizi ya watu yamekwisha kuligawia kazi yake. Husemwa mabasi ya masafa marefu, mbio za masafa marefu, redio ya masafa mafupi. Katika mifano yote hii neno hili linataja aina, halitaji kipimo. Ni vyema libaki hapo. Panapotajwa idadi ya kilomita, neno liwe umbali.

Mwisho, mpango wa sentensi (a) wenyewe ni wa kigeni. “Iko kilomita 850 mbali” si Kiswahili, na “iko saa moja na nusu mbali” ni kibaya zaidi. Mbali kwa Kiswahili ni mbali, hakupimwi. Mswahili husema: kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza ni kilomita kadhaa, au, baina ya miji hii miwili pana umbali wa kilomita kadhaa.

Mwendo: neno moja, kazi tatu

Neno mwendo ni la kale na ni zuri. Enzi za misafara, watu waliotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji hawakuwa na kilomita. Waliipima njia kwa siku. Waliposema mwendo wa siku tatu walitaja kwa pamoja urefu wa njia, muda wa kuipita, na kasi ya mtu aliyebeba mzigo. Vitu vitatu hivyo vilikuwa kimoja kwa sababu kila mtu alikwenda kwa miguu. Aliyesikia alielewa.

Siku hizi vitu hivyo vimetengana, lakini neno limebaki moja. Tunasoma “mwendo wa kilomita 260” kwa maana ya umbali, “mwendo wa saa nne” kwa maana ya muda, na “mwendo wa kilomita 80 kwa saa” kwa maana ya kasi. Katika mazungumzo hapana ubaya, kwa kuwa msikilizaji aweza kuuliza. Lakini waraka hauulizwi.

Tazama sentensi (d). Masaa 14 yametoka wapi? Tumejaribu kukokotoa. Mtu akiigawa njia ya zaidi ya kilomita 1,100 kwa 80, atapata kiasi cha saa 14. Na 80 ndicho kikomo cha kasi cha kilomita kwa saa ambacho sheria ya Tanzania inayawekea magari ya abiria. Kumbe sentensi (d) inataja muda ambao gari lingetumia kama lingekwenda kwa kasi ya juu kabisa iruhusiwayo tangu kituo cha kwanza hadi cha mwisho, bila kupunguza mahali popote. Lakini sheria hiyo hiyo inataka kasi isizidi 50 katika makazi, na barabara hii hupita katikati ya miji na vijiji vingi. Kuna mizani, kuna vituo vya abiria, kuna chakula. Huo si muda wa safari; ni hesabu ya kwenye karatasi.

Na msomaji aone jinsi waraka unavyojipinga wenyewe. Sentensi (a) imechukuliwa kutoka katika ramani kwa mstari mnyoofu, na sentensi (d) imetokana na urefu wa barabara. Mhasibu angezigawanya angepata kasi ya kilomita 60 kwa saa, angeridhika, na asingejua kuwa amegawanya vitu viwili visivyohusiana.

Kuna ushahidi mzuri kwamba umbali na muda si kitu kimoja hata njia inapobaki ile ile. Kwa miaka mingi mabasi ya abiria yalikatazwa kusafiri usiku, na basi la masafa marefu lililopitiwa na saa lililazimika kulala njiani. Mwaka 2023 serikali iliyaruhusu tena. Barabara haikupungua hata hatua moja, lakini muda wa safari ulibadilika. Kadhalika, aliyetoka Mwanza kwenda Geita kwa njia ya Kigongo na Busisi alikuwa akisubiri kivuko. Mwezi Juni 2025 lilifunguliwa daraja lenye urefu wa kiasi cha kilomita 3, na yale maji yaliyokuwa yakimla mtu muda mrefu sasa huvukwa kwa dakika chache. Mwandishi aliyezoea kusema “mwendo wa saa fulani” kwa maana ya umbali angelazimika kusema kuwa Geita imesogea.

Tunashauri basi katika maandishi ya kazi: umbali uwe wa kilomita, muda uwe wa saa na dakika, kasi iwe ya kilomita kwa saa. Neno mwendo lisifukuzwe. Libaki katika hadithi, katika mazungumzo na katika ushairi, ambako wingi wa maana zake ni mali.

Saa na masaa

Sasa tumefika kwenye kiini. Neno saa nalo lina kazi tatu. Ni chombo kivaliwacho mkononi. Ni nukta ya wakati: tutaonana saa nne. Na ni kipimo cha muda: tulingoja saa nne. Hata swali letu la kila siku, “saa ngapi?”, laweza kuuliza wakati uliopo au idadi ya saa zilizotumika.

Hebu tutazame semi hizi katika lugha ya safari. “Ndege ya saa moja”: ni ndege iondokayo saa moja, au ni safari ya muda wa saa moja? “Safari ya saa sita”: huanza adhuhuri, au huchukua robo ya siku? “Basi litaondoka baada ya saa sita”: aliyekuja kituoni saa tatu asubuhi arudi adhuhuri ikipita, au arudi saa tisa alasiri?

Ni kwa sababu hii, tunavyoamini sisi, kwamba neno masaa limeenea kwa kasi isiyozuilika. Waalimu wa sarufi hulikemea, na kwa kanuni wana haki: saa imo katika ngeli moja na siku na dakika, na wingi wake haubadiliki. Hakuna asemaye “masiku mawili” kwa kuhesabu. Lakini tujiulize kwa nini watu hawasemi “madakika” ilhali husema “masaa”. Jibu ni kwamba dakika haiwachanganyi. Mtu asemaye “masaa sita” hafanyi hivyo kwa ujinga wa sarufi. Anataka kuonyesha kwamba hataji adhuhuri. Amegundua upungufu na ameuziba kwa kipande alichokipata.

Kwa hiyo hatukubaliani na wale wanaolifuta neno hili kwa wino mwekundu na kuliacha shimo wazi. Mwanafunzi aliyeandika “alisafiri kwa masaa sita” akirudishiwa “alisafiri kwa saa sita” amepewa sarufi nzuri na maana mbovu kuliko ya kwanza. Sahihisho kamili ni “alisafiri kwa muda wa saa sita”. Neno muda likiwa mbele, saa haiwezi tena kuwa nukta ya wakati. Na saa ikifuatwa na alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku, haiwezi tena kuwa kipimo cha muda. Vitu viwili hivi tunavyo tangu zamani. Tukivitumia daima katika maandishi ya kazi, masaa hayatakuwa na kazi ya kufanya, nayo yatatoweka yenyewe.

Tatizo la “muda wa kuruka” ni la jamii hiyo hiyo. Mfasiri alikuta neno la Kiingereza linalotaja urefu wa safari ya angani, akalifasiri kipande kwa kipande. Lakini ndege kuruka, kwa Kiswahili cha watu, ni kuondoka ardhini: “ndege imeruka” maana yake tumechelewa. Basi “muda wa kuruka” humpeleka msomaji moja kwa moja kwenye wakati wa kuondoka. Tunapendekeza “muda wa angani” kwa kipindi cha tangu kupaa hadi kutua, na “muda wa safari” kwa jumla ya kila kitu, pamoja na kufika uwanjani mapema na kungoja mizigo. Kwa barabara vivyo hivyo: “muda wa gari kuwa njiani” si sawa na “muda wa safari” ikiwa abiria atalala Dodoma.

Tarakimu na neno saa

Wako wanaotuambia kwamba balaa hili lote litakwisha tukiacha hesabu yetu ya saa na kufuata ya wageni. Hatuoni sababu. Hesabu yetu imejengwa juu ya jambo ambalo halibadiliki sana katika nchi zilizo karibu na ikweta: jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili na huzama karibu na saa kumi na mbili, mwaka mzima. Saa moja ni saa ya kwanza ya mchana, na saa moja nyingine ni saa ya kwanza ya usiku. Hesabu hii haina kasoro yoyote ya mantiki.

Tena, kila Mswahili ajuaye kusoma hutazama simu yake, akaona 07:10, akatamka “saa moja na dakika kumi” bila kusita. Hubadili hesabu mara nyingi kwa siku na hakosei. Hukosea pale tu anapokuta neno saa limewekwa mbele ya tarakimu ambazo hazikubadilishwa. Neno saa ni ahadi: linamwambia msomaji kwamba hesabu hii ni ya Kiswahili, isome kama unavyoitamka. Mfasiri akiandika “saa 7.10” kwa 07:10, amevunja ahadi hiyo. Tarakimu hazina hatia; hatia iko katika neno lililotangulizwa.

Kanuni basi ni nyepesi. Ama tarakimu zibadilishwe na kupewa neno saa pamoja na kipindi cha siku: saa 1.10 asubuhi. Ama ziachwe kama zilivyo katika tiketi, kwa tarakimu nne, 07:10, bila ya neno saa. Kuchanganya ndiko kunakowaacha watu viwanjani.

Aidha, nukta katika muda iepukwe. “Saa 1.30”, “saa 1.5” na “saa moja na nusu” zaweza zote kutaja muda ule ule, lakini msomaji mmoja ataisoma ya kwanza kama wakati wa asubuhi, na mwingine ataisoma ya pili kama saa moja na dakika tano. Muda uandikwe kwa maneno yake: saa 1 na dakika 30.

Usiku wa siku gani?

Tangu mabasi yaruhusiwe kusafiri usiku, swali jingine la kale limezuka upya. Kwa desturi yetu siku huanza jua lizamapo. Usiku hutangulia mchana wake. Ndiyo maana usiku wa Ijumaa, kwa wazee wa pwani, ni ule uitanguliao Ijumaa yenyewe. Kwa hesabu ya ofisi na ya tiketi, siku huanza saa sita usiku. Basi basi liondokalo “Jumatatu saa 6.30 usiku” laondoka lini? Kwa tiketi ni nusu saa baada ya Jumapili kwisha. Kwa abiria aliyezoea kuhesabu usiku pamoja na mchana uliotangulia, ni usiku wa Jumatatu baada ya kazi, na basi lake limekwisha kuondoka karibu siku nzima iliyopita.

Hapa pia dawa tunayo nyumbani. “Usiku wa kuamkia Jumatatu” haina utata kwa mzee wala kwa kijana, kwa mtu wa pwani wala wa bara. Tunashangaa kwamba watangazaji wa redio huitumia kila siku, nayo majedwali ya safari hayaitumii.

Miji yenye saa mbili

Dar es Salaam na Mwanza zina saa moja. Lakini Kiswahili sasa ni lugha rasmi pia nchini Rwanda, tangu mwaka 2017, na nyaraka za Jumuiya ya Afrika Mashariki zawahusu watu wa Kigali, Bujumbura, Goma na Bukavu, ambako saa iko nyuma ya yetu kwa saa moja kamili. Tuchukulie ndege iondoke Dar es Salaam saa 4.00 asubuhi na ikae angani kwa muda wa saa 1 na dakika 40. Itatua Kigali saa 4.40 asubuhi ya huko. Atakayetoa wakati wa kuondoka katika wakati wa kufika atapata dakika 40, na atakapokokotoa safari ya kurudi atapata saa 2 na dakika 40. Ndege ni ile ile. Kwa hiyo katika safari za nchi hadi nchi muda wa angani utajwe wazi, usiachiwe msomaji kuukokotoa, na kila wakati ufuatwe na maneno “kwa saa za Kigali” au “kwa saa za Dar es Salaam”.

Mapendekezo

Tunayaweka mapendekezo yetu mbele ya wafasiri, walimu na maofisa wanaotayarisha nyaraka, wayapime:

1. Umbali utajwe pamoja na njia yake: kwa mstari mnyoofu, kwa barabara ipitayo mahali fulani, au kwa reli.
2. Umbali uwe wa kilomita tu. Masafa litumike kwa aina ya safari. Mwendo lisitumike katika majedwali.
3. Muda utanguliwe na neno muda, na uandikwe kwa saa na dakika bila nukta.
4. Wakati ufuatwe na kipindi cha siku, na tarakimu za kigeni zisitangulizwe neno saa.
5. Usiku utajwe kwa siku unayoiamkia.
6. Muda wa angani, muda wa gari kuwa njiani na muda wa safari visichanganywe.

Kwa kanuni hizi, waraka ule ungesomeka hivi:

“Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza ni kiasi cha kilomita 850 kwa mstari mnyoofu, na zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara ipitayo Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga. Ndege itaondoka Jumatatu saa 1.10 asubuhi, nayo itakuwa angani kwa muda wa saa 1 na dakika 30. Wasafiri wafike uwanjani kabla ya saa 11.30 alfajiri, usiku wa kuamkia Jumatatu. Watakaosafiri kwa barabara waondoke siku moja kabla, kwa kuwa muda wa safari hupita siku nzima ya mwanga.”

Hakuna neno jipya hata moja ndani yake. Hatukuhitaji kuazima wala kubuni. Waraka umerefuka kwa mistari michache tu, na kwa bei hiyo mwalimu angeipata ndege yake na dereva angepata fedha yake.

Tunajua kwamba baadhi ya wasomaji watapinga pendekezo la pili, hasa wale wanaolipenda neno mwendo, na wengine watatulaumu kwa kuwa wapole mno juu ya masaa. Mawazo yao tunayakaribisha. Tunaomba tu kila atakayetuandikia aambatanishe waraka mmoja halisi wa safari uliomkwaza yeye au jirani yake, ili tujadili lugha kama inavyoandikwa maofisini.